Vigae vya Mheshimiwa

Mimi ndiye niliyemjengea.
Si ile ghorofa, ile waliijenga mafundi wa Arusha.
Mimi nilijenga hii ya pili, futi saba kwa nne,
kati ya migomba ya mama yake na mfereji:
vigae vyeupe, boksi kumi na moja,
moja ikapasukia njiani kwa sababu ya barabara.

Barabara yenyewe unaijua.
Aliiahidi kwanza akiwa juu ya kreti la bia,
akaiahidi tena akiwa juu ya jukwaa,
mara ya tatu alikuwa ndani ya gari,
kioo kimeshuka nusu,
na sisi tukapiga makofi kwenye hiyo nusu.

Greda lilikuja Alhamisi.
Jumamosi tunazika.
Usiku na mchana likakwangua Mbokomu yote,
likang'oa ule mzizi wa mringaringa
uliowarusha wajawazito tangu mimi sijaoa.
Mama Apaikunda akasimama kwenye kona, ndoo kichwani,
akasema: "Kumbe lilikuwa linasubiri afe."
Hakuna aliyecheka.
Tulikuwa tumeazima suti.

Magari arobaini na mawili. Niliyahesabu
mwiko ukiwa bado mkononi.
Wakasema mengi kwenye kipaza sauti.
Jemedari, wakasema. Mwamba.
Mwamba naufahamu, niliugonga kwa nyundo siku nzima
kule chini, kabla hatujafikisha futi sita.

Ng'ambo ya masale amelala Ndewirwa,
diwani wa chama kile kingine,
aliyeshindwa mara nne, akashinda mara moja.
Yeye ana tuta la udongo na msalaba wa mbao;
mchwa wamekula jina, wamebakiza "Nde".
Hawa wawili hawakusalimiana miaka kumi na tisa.
Mpaka huu wa masale waliufikisha baraza la kata,
hatua mbili na nusu za kihamba.
Sasa mgomba wa huyu umechipuzia kwa yule,
na mkungu ukiiva unainama
upande wowote unaoutaka.

Nina jambo sijalisema.
Usiku ule kabla ya saruji, niko peke yangu na kandili,
alikuja mjane wa Ndewirwa, Apaikunda huyuhuyu,
na jani moja la isale mkononi, limefungwa fundo.
Akaliweka juu ya mchanga wangu.
"Nilitumwa," akasema, "na nimechelewa."
Sikuuliza katumwa lini, wala nani anamwomba nani.
"Funika, fundi."
Nikafunika.

Nilipatana nao laki nne na nusu.
Nikapewa mbili; iliyobaki, wakasema, ofisi italeta.
Ofisi imehama, mlangoni wameandika Saluni.
Sijaenda kudai. Ukimdai maiti
unamsumbua nani?

Masika ya kwanza yameyarudisha makorongo yote,
kila moja mahali pake,
kama watoto waliotoka shule.
Ghorofa imefungwa kwa kufuli la shaba.
Desemba wanawe hupanda kutoka Dar
na maua ya plastiki, wanapiga picha, wanashuka.

Siku zilizobaki
Apaikunda huruka masale na ungo wake
akaanika maharage juu ya vigae,
maana mteremko huu wote hauna pengine
palipo tambarare, pakavu, pasafi.
Niliwahi kujisikia vibaya. Halafu nikaangalia
jinsi kazi yangu inavyokausha.

Jana nilipita, nikamkuta anayageuza kwa kiganja, polepole,
kama anayempangusa mtu jasho.
Hakuniona.
"Sogea kidogo, Mheshimiwa," alikuwa akisema,
"jua limehamia upande wako."